Mzee Lifti na Mtandao wa Jumapili

Mume wangu ana jina lake zuri alilopewa na wazazi wake, lakini ukiliulizia mtaani kwetu watu watakutolea macho. Wao wanamjua Mzee Lifti. Ujana wake wote aliumalizia ndani ya mashimo ya lifti za majengo marefu ya mjini, akipaka grisi, akibadilisha kamba za chuma na kuwatoa watu waliokwama katikati ya ghorofa. Sasa amestaafu, yuko nyumbani. Mimi bado nipo mapokezi ya zahanati, ninakoshinda nikiwaambia wagonjwa, "Subiri kidogo, daktari anakuja." Nataka kusimulia habari za mtu huyu, lakini siwezi kuzisimulia bila kugusa habari za intaneti ya nyumbani kwetu. Na hiyo intaneti nisipoisema nitapasuka.

Nianze na yeye. Mzee Lifti ana maneno mazuri kwa watu asiowajua. Siku moja nilimpelekea chakula kazini nikamkuta amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti uliogoma kufunguka. Ndani kulikuwa na mama mmoja analia, anasema hewa imekwisha, atakufa. Mzee anaongea naye pale mlangoni kwa upole, anamuuliza habari za wanawe, anamtania kidogo, mpaka yule mama akacheka humo humo gizani. Nilisimama na bakuli langu mkononi nikasema moyoni, ala, kumbe anaweza! Maana nyumbani mtu huyo huyo ukimpikia vizuri anasema "mm", na ukiunguza anasema "mm". Nimeishi naye mpaka nimeijua tofauti ya hizo "mm" mbili, na tofauti yenyewe ni ndogo mno.

Halafu kuna suala la umeme. Nyumba yetu waya zake zote amezitandaza yeye: swichi, soketi, taa ya uani, na ile pampu ndogo ya bafu la nyuma, ambalo ni bafu lake yeye kwa sababu analipenda na mimi silipendi. Fundi wa nje akithubutu kuingia kwetu na bisibisi, Mzee humfuata hatua kwa hatua, mikono nyuma, kimya, mpaka yule fundi anaanza kuangusha skrubu. Umeme wa nyumba hii hauguswi na mtu mwingine. Nimeshazoea.

Mtoto tunaye mmoja, wa kiume. Mzee alimtafutia nafasi pale pale kazini kwake, akamnunulia zana mpya, akamjengea na chumba huko nyuma ili awe na uhuru wake. Kijana akafanya kazi ya lifti miezi michache, kisha akaondoka nchini bila kumuaga baba yake. Alipopiga simu alikuwa ameshafika huko mbali, akasema amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, na lifti hazitaki tena. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekufundisha ufundi ili ukakande unga," akakata simu.

Hakutukana wala hakupaza sauti. Alikata tu, akaiweka simu mezani taratibu, akatoka nje. Afadhali angefoka. Tangu siku hiyo kijana akawa ananipigia mimi, kazini, wakati wa chakula cha mchana, na jina la baba yake halitajwi. Nyumbani nako ikawa hivyo hivyo, jina la kijana halitajwi. Mimi nikawa katikati, namficha huyu habari za yule, na yule habari za huyu, wakati wote wawili najua wanataka kuzisikia. Kazi hiyo haina mshahara.

Miaka ikapita hivyo, mpaka kijana na mkewe wakajaliwa mtoto. Akaniambia, "Mama, nataka baba amwone mjukuu wake. Picha sitaki. Nataka amwone, na mimi nimwone yeye."

Nikampelekea Mzee habari. Akasema "mm". Ilikuwa ile ya chakula kizuri.

Basi tukavuta intaneti, kwa sababu simu za mkononi ndani ya nyumba yetu hushika kwa kubahatisha. Ukitaka kuongea vizuri lazima uende ukasimame getini, na huwezi kumwonesha mtu mjukuu wake getini, majirani wote wamekuzunguka. Watu wa kampuni wakaleta waya kutoka kwenye nguzo, wakauingiza kwa upande wa nyuma, wakaweka kile kiboksi chenye taa za kijani katika chumba cha zamani cha kijana, juu ya kabati, wakaondoka. Mimi nikanunua tableti. Tukakubaliana kila Jumapili alasiri tutaonana. Nikaisimamisha tableti kwenye meza ya sebuleni, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikavuta viti viwili, nikamwambia Mzee avae shati la maana.

Kijana akatokea kwenye kioo, amenenepa kidogo, ana ndevu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikaingilia kati, nikaongea kama redio, habari za jua, habari za mvua, habari za zahanati. Mwishowe mkwe wangu akaja na mtoto, akamsogeza karibu, na kijana akasema, "Mwangalie masikio, baba. Haya si yako haya?"

Ni kweli. Masikio ya Mzee yamesimama pembeni ya kichwa, huwezi kuyakosea, na mtoto alikuwa nayo vile vile. Nikacheka. Nikamgeukia Mzee nicheke naye, nikakuta amenyanyuka.

"Unakwenda wapi na wewe? Si mtoto ndio kwanza analetwa!"

Akaelekea nyuma. Na nilipogeuza shingo kutazama kioo, picha ilikuwa imeganda, mjukuu wangu mdomo wazi, kisha naye akapotea, kikabaki kile kiduara kinachozunguka. Sijui nani alikitengeneza kiduara kile. Ningependa nikutane naye siku moja nimkalishe kwenye benchi letu la zahanati tangu asubuhi mpaka jioni, nimwambie daktari anakuja.

Mtandao ulirudi baada ya muda, lakini kijana alikuwa ameingia kazini. Nikasema haya, ndiyo mara ya kwanza, mambo mapya yana vituko vyake. Jumapili iliyofuata tukaongea vizuri mpaka kijana alipoanza kueleza wamempa mtoto jina gani. Lilikuwa jina la babu yake, huyu huyu Mzee. Mzee akanyanyuka, akaenda zake nyuma, na mtandao ukakatika.

Nikapiga simu kwa kampuni. Jamani! Mimi ni mtu wa mapokezi. Najua sauti ya mtu anayekwambia subiri huku anapiga kucha rangi. Nikawekewa muziki. Muziki ukaisha, ukaanza tena.

"Karibu mteja wetu wa thamani, je, umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimezima nimewasha."

"Sawa mama, naomba uzime, usubiri kidogo, kisha uwashe."

"Mwanangu, nimekwambia nimeshafanya."

"Nakuelewa kabisa mama. Sasa naomba uzime."

Nikazima, nikawasha. Taa zote zikawaka kijani, akaniambia kwa furaha kwamba tatizo limekwisha. Tatizo halikuwepo wakati ule! Ni kama wagonjwa wangu ambao homa inawatoka wakimwona daktari. Nikamwambia hayo, akasema ananielewa kabisa.

Nikaanza kufanya utafiti wangu mwenyewe. Nilihamisha kiboksi kutoka juu ya kabati nikakiweka dirishani. Nilibadilisha nenosiri, kwa sababu jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa na tabia ya kutabasamu mno kila nikimkuta ukutani na simu yake. Huyo huyo jirani, bila haya, akaja kunishauri nikifunge kiboksi na karatasi ya kung'aa ya jikoni ili kivute mawimbi, nami kwa ujinga wangu nikakifunga, na mtandao ukafa kabisa mpaka nilipokifungua. Nilinunua waya mpya. Nilisugua soketi na kitambaa kikavu. Kilichokuwa kikinimaliza ni kwamba katikati ya wiki hapakuwa na tatizo lolote. Nikirudi jioni kutoka kazini namkuta Mzee ameshaoga, amekaa nje anapunga upepo, nami naangalia vipindi vyangu kwenye tableti mpaka macho yanauma, hakitikisiki kitu. Jumapili ikifika, maongezi yakianza kunoga, pap! Kiduara.

Hatimaye kampuni wakaleta fundi. Akaja na mkoba wake na kipimo chake, mtu mzima, mstaarabu, amevaa fulana ya kazi. Mzee akamfuata, mikono nyuma. Fundi akapima waya wa nguzo, akasema safi. Akapima kiboksi, akasema safi. Akainama kutazama soketi.

"Mzee, umeme wa chumba hiki unatoka upande gani?"

"Umeme ni wangu," Mzee akasema. "Wewe shughulika na mtandao wako."

Fundi akanyooka, akanitazama mimi, nikatazama dari. Akasema basi labda tatizo liko huko kwa mtoto. Nilipofika kazini mchana huo nikampigia kijana, akasema kwake hakuna tatizo, anaongea na watu wengine mpaka wanachoka.

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama, mimi si mtoto mdogo. Baba ananyanyuka, halafu simu inakatika. Kila mara. Haijawahi kukatika akiwa amekaa. Zamani alinikatia kwa mkono, sasa ananikatia kwa waya."

"Usiseme hivyo mwanangu, ni kampuni hawa..."

"Kampuni inajua baba ananyanyuka saa ngapi? Nimechoka, mama. Namwonesha mtoto, ananyanyuka. Namwambia jina, ananyanyuka. Jumapili hii ni ya mwisho. Akikata tena simpigii tena maisha yangu. Nitakupigia wewe hapo kazini kama zamani, na mtoto atamwona kwenye picha."

Nilikata simu nikakaa pale mapokezi nimeshika tama. Mgonjwa akaja akaniuliza kama mimi ndiye ninayeumwa.

Maana nilikuwa nimeshafikiria hilo hilo, ila nilikuwa najifanya hamnazo. Mtu anayeujua umeme wa nyumba mpaka uvunguni, ananyanyuka katikati ya maongezi, anaelekea upande ule ule kilipo kiboksi, na mtandao unakatika. Ungefikiria nini? Nikarudi nyumbani nimevimba. Hata mkoba sikuutua.

"Ni wewe unayechomoa?"

"Kuchomoa nini?"

"Mtandao! Ni wewe unayemkatia mtoto?"

Akanitazama kwa muda. Nadhani nilimuumiza, lakini nilikuwa nimekasirika mno kujali.

"Sijagusa kitu," akasema.

"Basi unakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kufanya nini?"

"Mm."

Hiyo "mm" sikuwahi kuisikia. Haikuwa ya chakula kizuri wala ya kibaya. Nikamwambia alichosema kijana, neno kwa neno, kwamba hii ndiyo ya mwisho, akikata tena basi. Akainamisha kichwa, akaendelea kumenya chungwa lake mpaka likabaki halina hata ngozi nyeupe, na hakulila.

Jumapili ikafika. Nikaamua mimi sitakaa sebuleni. Nikawapangia tableti yao na kiti kimoja, nikasema nina kazi, nikachukua kigoda changu nikaenda kukaa mlangoni mwa chumba cha kijana, nimekodolea macho kile kiboksi. Akija kuchomoa atanikanyaga mimi kwanza. Taa zilikuwa zinawaka kijani, zote, kama watoto wenye adabu. Kutoka pale nilikuwa nawasikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama yuko wapi?"

"Yupo."

Kimya, kirefu, na hapakuwa na redio ya kukijaza. Nilijizuia nisiende. Ndipo kijana akaanza kuongea mwenyewe, polepole. Akasema wiki ile mashine kubwa ya kukandia unga pale kazini iligoma, mafundi wakaitwa wakashindwa, wakasema inunuliwe nyingine. Yeye akaomba waiwashe kidogo tu, akaweka sikio.

"Nikakumbuka ulivyokuwa unanikataza kushika spana kabla sijaisikiliza mota. Ulikuwa unanishika bega unaniambia, isikilize kwanza, itakwambia yenyewe. Nikaisikiliza, baba. Ilikuwa beringi. Nikaitoa mimi mwenyewe. Sasa hivi pale wananiita fundi."

Nikasikia kiti kinasukumwa.

Nikasema huyo anakuja, leo ndio leo. Nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mzee akaja kwenye korido, mbio mbio, kichwa chini, akanipita bila hata kunitazama, akaingia bafu lake la nyuma, akafunga mlango. Nikasikia bomba linafunguliwa. Nje ya ukuta pampu ikavuma, kama inavyovuma siku zote. Na mbele ya macho yangu, bila mkono wa mtu, taa zote za kiboksi zikazimika.

Pampu ikanyamaza. Taa moja ikaanza kupepesa, kisha ya pili, polepole, kama mtu anayeamka usingizini.

Mlango wa bafu ukafunguka. Mzee akatoka na uso umelowa, maji yanamchuruzika kidevuni mpaka kwenye lile shati la maana. Nikampita, nikaingia, nikafungua bomba. Pampu ikavuma. Nikachungulia: taa zimezimika. Nikafunga, nikasubiri kwa hasira mpaka zikarudi zote, nikafungua tena. Zikazimika tena.

"Mzee! Njoo uone! Ni wewe! Ni wewe na bomba lako!"

Alisimama mlangoni akatazama kiboksi, akatazama bomba, akatazama soketi. Tangu tuoane sijawahi kumwona ameshikwa na umeme wake mwenyewe. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba soketi ya chumba kile ameiunga kwenye waya wa pampu, waya mwembamba, wa muda tu. Pampu ikianza kuzunguka inavuta umeme wote, soketi inabaki na njaa.

"Kwa nini ukaunga hivyo, fundi mzima wewe?"

"Ilikuwa ya muda," akasema. "Nilitaka ule wa kudumu tuuvute pamoja. Mimi na yeye. Nimfundishe kwenye chumba chake mwenyewe. Ndio akaondoka."

"Na miaka yote hii hukuubadilisha?"

"Sikuubadilisha."

Nilitaka kupiga kelele. Muziki wote ule wa kampuni niliousikiliza! Kiboksi nilichokifunga karatasi kama samaki wa kuokwa! Fundi wa watu aliyeuliza swali la maana kuliko yote akajibiwa ujeuri! Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Na bafuni unakwenda kufanya nini katikati ya maongezi?"

"Kunawa."

"Kunawa nini? Ulikuwa umekula?"

Akatazama pembeni.

"Uso," akasema.

Ndipo nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa maji ya bomba. Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia upya kwa kunifanya nimwonee huruma, kwa sababu miaka yote hii nilidhani mtu huyu hana machozi, kumbe anayo na ana bafu lake maalumu la kuyapeleka. Mjukuu kuletwa, amekwenda bafuni. Jina kutajwa, amekwenda bafuni. Kila neno jema alilosema kijana lilimfikisha baba yake kwenye lile bomba, na bomba likamkatia kijana simu.

Tukakimbilia sebuleni. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikatoka mpaka getini na simu yangu ya mkononi, nikakuta ujumbe umeshaingia: "Nimeelewa, mama. Usijisumbue tena. Tutaongea ukiwa kazini." Nikapiga pale pale, simu ikawa imezimwa.

Niliporudi ndani Mzee alikuwa juu ya ngazi. Ndiyo jibu lake kwa kila kitu, kupanda ngazi. Alikuwa ametoa waya mnene kutoka stoo, ameng'oa ule wa muda, na mimi nikashika ngazi kwa sababu nani mwingine aishike. Alifanya kazi safi, siwezi kusema uongo. Jua lilikuwa bado halijazama alipofungua bomba lile mpaka mwisho, pampu ikanguruma, na taa za kiboksi zikakaa vile vile, kijani. Akajipangusa mikono.

"Imekaa sawa," akasema.

Hapo ndipo nilipolipuka.

"Imekaa sawa! Na mwanao je, amekaa sawa? Amezima simu huko, anajua baba yake amemkatia kwa mara ya mwisho, na wewe unaniambia imekaa sawa?"

"Mwambie ilikuwa pampu."

"Ataniuliza pampu iliwashwa na nani. Nimjibu nini?"

Akaigeuzageuza bisibisi mkononi.

"Simwambii kitu, Mzee. Mapokezi nafanya zahanati, nyumbani sitaki tena. Kama una neno lipeleke mwenyewe."

Akakaa juu ya ngazi ya chini kabisa, mtu mzima na bisibisi yake, akakaa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa simu yangu. Nikamwonesha pa kubonyeza ili sauti irekodiwe. Akatoka mpaka getini, na mimi nikawa namchungulia dirishani. Namwona anaweka simu mdomoni, anaongea kidogo, anafuta. Anaanza tena, anafuta. Jirani wa kulia akatokea kumsalimia, Mzee akampungia mkono aende zake. Alichosema mwishowe sikijui. Nilipochukua simu nilitamani kukisikiliza, kidole kikasogea, nikakirudisha. Haukuwa ujumbe wangu.

Kesho yake nilikaa mapokezi roho mkononi, na wakati wa chakula cha mchana simu haikulia. Nikawafokea wagonjwa wasio na kosa. Jioni nimeingia tu nyumbani, hata kiatu sijavua, tableti ikaanza kuita.

Mzee alikuwa ameshakaa mbele yake. Sijui alikuwa amekaa hapo tangu saa ngapi. Akabonyeza mwenyewe. Kijana akatokea na nguo za kazi, unga kwenye nyusi, peke yake. Hakusema shikamoo.

"Nimesikiliza ulichonitumia, baba. Nataka uniambie tena ukiwa unaniangalia."

Mzee akakohoa. Nilimwona anatafuta neno, nikaumia, nikataka kumsaidia, nikajibana ukutani nikanyamaza.

"Siku ile ya kwanza nilikukatia," akasema. "Hiyo ni kweli, na nilikukosea. Lakini hizi Jumapili sikukukatia. Nilikuwa nakwenda kunawa uso."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mimi baba yako."

Kisha akashika mikono ya kiti, akainuka kidogo. Nikajua anakwenda. Mtandao haungekatika sasa, angeweza kwenda, angeweza kunawa mpaka achoke na kurudi mkavu. Alitazama kwenye korido. Halafu akajirudisha kwenye kiti, akaweka mikono magotini, akainua uso kuelekea kile kioo. Machozi yakamtoka, yakashuka, yakaingia kwenye kola, na hakuyafuta.

Mimi nikatazama tableti, na kijana alikuwa hatikisiki. Mdomo nusu wazi, macho hayapepesi, ameganda kama wanavyoganda siku zote.

"Jamani mtandao huu!" nikapiga kelele. "Umekatika tena!" Nikanyoosha mkono niipige ile tableti kofi.

"Haujakatika, mama," kijana akasema. "Namwangalia baba."